Dakika Nne za Mzee Nuh

Jua lilipochungulia, Habaswein nzima ilikuwa na tende mdomoni.

Lilikuwa halijaonekana kwa siku sita. Mvua ya El Nino ilikuja kama mgeni asiyejua kuaga: barabara ya Garissa imekatika, malori yamezama hadi milangoni, mbuzi wanakufa kwa homa, na mbingu ya Ramadhani ile imekuwa ya kijivu kutoka alfajiri hadi Isha. Ndiyo maana watu waliacha kutazama magharibi, wakawa wanaitazama saa ya fundi Salat iliyowekwa mezani barazani mwa msikiti. Siku ya kumi na nane ya mfungo, Jumamosi, saa hiyo iliandika 12:34, Maalim Shuaib akaadhini, watu wakasema bismillahi wakala. Kabla hawajatema kokwa, wingu likapasuka upande wa chini na jua likatokea. Jekundu, zima, limekaa juu ya vichaka vya migunga, linawatazama.

Duale mwenye duka, ambaye neno halimkosi hata msibani, alikuwa amejaza mashavu yote mawili na hakujua ameze au ateme. Mtu mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Maalim Shuaib aliangalia jua, akaangalia saa, akaangalia tena jua, na kidole chake cha kuadhinia kilikuwa bado kiko sikioni.

Hinda alikuwa kwenye ua wa miiba wa nyumba yake, hatua kumi kutoka msikitini, ameshika birika la chai ya wanaume. Yeye hakulitazama jua sana. Alimtazama baba yake.

Mzee Nuh ndiye aliyekula wa mwisho. Adhana ilipoanza, alikuwa ameinua mkono na kuisogeza karibu na macho ile saa yake ya kutia ufunguo, iliyokwaruzika kioo, akasema, "Bado." Na Salat, mume wa Hinda, aliyekuwa amesimama kando ya saa yake kama bwana harusi, akamjibu mbele ya watu wote, "Adeer, hiyo ya kwako imechoka. Iache ipumzike. Kula." Adeer ni baba mdogo, na ndivyo mkwe mwenye adabu anavyomwita baba wa mkewe, lakini adabu ya neno ilimezwa na kicheko cha watu. Mzee akacheka nao kidogo, kwa haya, akatia tende mdomoni.

Sasa aliitoa. Aliiweka kiganjani, ilivyotafunwa nusu, akaiangalia muda mrefu. Jua lilichukua wakati wake kuzama, dakika nne kwa saa ya mzee, halikuwa na haraka yoyote. Lilipomaliza, mzee alitia mkono mfukoni pamoja na tende ile, akainuka kwa fimbo na kwenda kuswali bila kumtazama mtu.

Hukumu haikuwa na mjadala. Baada ya swala Maalim Shuaib alisimama akasema kwamba aliyekula kabla ya jua kuzama, hata kama alidhani limezama, siku yake haikuhesabika. Kila mmoja anadaiwa siku moja, ailipe baada ya Idi. Watu wakaguna. Siku moja si mlima. Vijana walikwisha kuanza kufanya mzaha.

Kwa Mzee Nuh ilikuwa mlima.

*

"Hinda," alisema mzee alipoingia nyumbani, na Salat ameketi hatua tatu tu kutoka kwake. "Mwambie mumeo atoe msikitini hiyo taa yake anayoiita saa."

"Amekusikia, Aabo."

"Mwambie."

Hinda akageuka, uso unamwaka kwa aibu, akamwambia mumewe maneno aliyokwisha kuyasikia. Salat akasema ndiyo, adeer, nimeshaitoa. Mzee akamuuliza Hinda mumewe amesema nini. Kuanzia jioni ile ndani ya nyumba ya vyumba viwili watu wawili walizungumza kupitia kwa wa tatu, kama wageni wa lugha mbalimbali mbele ya hakimu.

Mzee Nuh alikuwa na miaka inayokaribia themanini na miguu iliyovimba tangu mvua zianze. Kifua chake usiku kilikoroma kama mfuko wa mvukuto. Daktari wa Garissa alikuwa amemwonya kabla barabara haijakatika: asifunge mwaka huu, moyo umechoka. Mzee alisema moyo ni wake na mfungo ni wa Mungu, na hakuna aliyemtuma daktari katikati. Tangu apate ndevu hakuwahi kula siku hata moja ya Ramadhani. Hakula mwaka wa njaa alipowapoteza ngamia wote. Hakula siku aliyomzika mke wake. Alikuwa hana mali, hana mtoto wa kiume, na saa yake haikuwa na thamani. Lakini alikuwa hana deni, na hilo alikuwa analitembeza mjini kama mtu mwingine anavyotembeza kanzu mpya.

"Nitailipa siku ya pili ya Idi," alimwambia Hinda, akijilaza. "Mungu akinifikisha."

"Aabo, huwezi. Hii yenyewe unaimaliza kwa shida."

"Basi nife ninadaiwa? Miaka sitini, Hinda. Miaka sitini, halafu dakika nne."

Hinda alimfunika miguu iliyovimba. Alikuwa hajui hata amkasirikie nani. Akimkasirikia mume, je, alikusudia? Na asipomkasirikia, baba yake atabaki na nani?

*

Salat alikuwa fundi wa redio, na kama ilivyo kwa mafundi wengi, kazi ilimlisha lakini mchezo ndio uliomshibisha. Mchezo wake ulikuwa vichupa vya namba. Aliwahi kuviona mara moja ndani ya mashine kuukuu iliyotupwa: vichupa vya kioo, kila kimoja na namba kumi za waya mwembamba zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na ukivipa umeme mkali namba moja inawaka rangi ya kaa la moto huku tisa zikibaki gizani zikingoja zamu. Dunia ilishaviacha. Salat ndiyo kwanza alivipenda.

Aliviagiza kupitia kwa Mueni, karani wa shirika moja la misaada huko Garissa, aliyekuwa na kompyuta ya kupeleka barua pepe. Mueni ndiye aliyemtafutia mtu, mzee mmoja wa Bulgaria aliyekuwa na ghala la vitu vya jeshi lililovunjwa. Barua zilikwenda na kurudi wiki nane, Salat akisafiri kwenda Garissa kuzisoma. Mwisho dola zilikunjwa ndani ya karatasi ya kaboni ili zisionekane, zikatiwa kwenye bahasha, zikapelekwa kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Zilikuwa mbuzi wawili wa Hinda, dola hizo. Mjini walimcheka Salat miezi mitatu, kisha kifurushi kikafika, kila kichupa kimefungwa kwenye pamba na gazeti lenye maandishi yasiyosomeka, na aliyecheka mwisho akawa Salat. Hinda pia alijivuna, tusimsingizie. Saa ilipowashwa mara ya kwanza, na sekunde zikaanza kukimbia kwenye vichupa viwili vya mwisho, wanawake wa mtaa walijaa mlangoni, naye akawahudumia chai kama mwenye arusi.

Sasa Jumapili asubuhi saa ilikuwa mkekani, imefunguliwa tumbo. Salat aliikagua kipande kwa kipande. Alipima transfoma. Alipima ule umeme wa volti mia na sabini unaowasha vichupa, ukamrusha, akarudi kuupima tena. Alichomoa kichupa cha tano akakitazama juani, ingawa jua lenyewe lilikuwa limerudi kujificha.

"Hiki hakikutoka boksi moja na wenzake," alisema. "Huyu Mbulgaria amenichanganyia."

"Kichupa kinaweza kukimbiza saa?"

Salat alikigeuzageuza kichupa vidoleni. "Hapana," akasema baadaye. "Kichupa kinaonyesha tu."

"Sasa unakitazamia nini?"

Salat akakirudisha mahali pake. Saa sita mchana jenereta la Duale lilipowashwa na umeme ukaingia mtaani, aliiwasha saa, akaiweka sawa kwa redio kama kila siku, akakaa mbele yake mikono magotini. Ilikwenda sawa. Baada ya robo saa ilikuwa sawa. Hinda alichungulia mara tatu na mara zote namba zilikuwa zinapita kwa adabu, moja baada ya nyingine, kama watoto wa madrasa. Saa kumi na moja, matangazo ya Kisomali ya redio yalipoanza, ilikuwa mbele kwa dakika tatu. Salat akaizima haraka, kama mtu anayemfunika mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

"Imeharibika wapi?" akauliza Hinda.

"Haijaharibika."

"Sasa?"

"Sijui, Hinda. Niache."

Akili ya Hinda ilizunguka. Kitu kisichoharibika kinakosea vipi? Alimjua mume wake. Akiwa hajui kitu, huzungumza mno. Safari hii alitaka aachwe.

*

Wasomali hawampi mtu jina la utani kwa kumwonea. Wanampa lile alilojichumia, na likishashika halioshwi na maji saba. Kufika Jumatatu Salat alikuwa Afar Daqiqo, Dakika Nne. Watoto walimfuata nalo. Mwanamke aliyeleta redio yake wiki iliyopita alikuja kuichukua bila kutengenezwa, akasema kwa upole kwamba angengoja barabara ifunguke aipeleke Wajir. Kisimani, wanawake walimwachia Hinda nafasi ya mbele ya foleni, jambo ambalo hawajawahi kulifanya.

"Tangulia, walaal, ndugu yetu," mmoja akamwambia. "Nyumbani kwenu saa zinakwenda mbio."

Walicheka. Hinda akacheka pia, kwa kuwa asiyecheka huchekwa mara mbili, akajaza dumu lake. Alipoliinua kichwani alisikia kitu ambacho, akikumbuka vizuri, alikuwa amekisikia siku mbili tatu bila kukitilia maanani. Saa sita ilikuwa imegonga na jenereta la Duale lilikuwa limeanza kunguruma nyuma ya maduka. Hinda alikulia nyuma ya ngamia. Kengele ya mti ya ngamia wa mbele aliijua hata kwenye vumbi. Akisikia imebadili mwendo, alijua kundi limeona maji au limeona fisi. Na jenereta la Duale lilikuwa limebadili mwendo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko zamani, ina haraka. Akakumbuka pia balbu ya chumbani, iliyokuwa ya manjano mwaka mzima, kwamba sasa ilikuwa nyeupe.

Alilitua dumu nyumbani bila kulifunika.

"Salat. Ile saa inahesabu nini?"

Aliinua kichwa kutoka kwenye waya zake. Hinda alimwona akichagua maneno.

"Inahesabu mapigo ya umeme," alisema. "Umeme unapiga kama moyo. Mapigo hamsini, sekunde moja."

"Moyo wa nani?"

Salat alirudi kushika waya.

"Moyo wa nani, Salat? Wa saa au wa jenereta?"

"Wa jenereta."

"Twende."

*

Mwendesha jenereta alikuwa Martin, kijana wa Mwingi, ambaye mwezi ule alikuwa akila chakula cha mchana amejifungia ndani ya kibanda cha injini kwa heshima ya waliofunga, akatoka kila siku ananuka maharagwe na dizeli. Aliwakuta mlangoni akapangusa mdomo.

"Karibu, mama. Fundi, karibu. Kuna shida?"

"Umeigusa hii injini?" aliuliza Hinda kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sauti yake imekuwa ingine."

Martin alitabasamu, akafurahi kwamba kuna mtu amegundua kazi yake. "Ee, mama! Niliichapa kidogo. Mzee Duale alisema taa ni hafifu, watu wanateta friji hazigandishi soda. Nikazungusha hii skrubu." Akawaonyesha. Juu ya ubao palikuwa na kipimo kidogo chenye mshale. "Mshale ulikuwa hapa kwa hamsini. Nikauleta hapa. Nusu mstari tu."

"Lini?" Salat aliuliza. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Jumamosi. Nikiwasha mchana."

Duale alisikia mazungumzo akatokea dukani, tumbo mbele. "Nini? Nini imeharibika? Mimi nilimwambia bandisha kidogo! Taa ilikuwa njano kama mkojo ya ngamia. Mteja ni yangu, jenereta ni yangu. Au sasa nitaomba ruhusa kwa Afar Daqiqo?"

Salat hakumsikia. Alikuwa amechukua kijiti na kuchuchumaa, anaandika kwenye tope. Nusu katika hamsini ni moja katika mia. Kutoka saa sita mchana mpaka Magharibi ni dakika karibu mia nne. Moja katika mia, mara mia nne. Aliandika namba ya mwisho akaiacha hapo, na wote wanne wakaitazama: 4.

"Haki ya Mungu," alisema Martin, na tabasamu lote likamtoka. "Ni mimi niliwafungulisha?"

"Si wewe," alisema Salat. "Rudisha mshale wako ukipenda, usiurudishe ukipenda. Si wewe."

*

Walirudi nyumbani Hinda ametangulia. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Hatia ilikuwa imepata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Duale, mtu ambaye ilikuwa raha kumlaumu hata bila sababu. Angemwambia baba yake mara moja. Alikuwa amekwisha kufungua mlango aliposikia Salat hayupo nyuma yake. Alikuwa amesimama uani.

"Usimwambie ni Duale," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu saa haipaswi kutegemea moyo wa mtu mwingine." Alitazama chini. "Kuna kipande kidogo, jiwe la kristali. Ukiipa saa jiwe hilo, inakuwa na moyo wake. Jenereta ikimbie, ilegee, haina habari. Yule Mbulgaria alikuwa nalo. Mueni aliniandikia orodha: pesa zilizobaki zinatosha kimoja, jiwe au vichupa viwili vya sekunde."

Hinda alielewa kabla hajamaliza, na akaomba awe ameelewa vibaya.

"Bila sekunde ingekuwa saa tu," alisema Salat. "Namba nne zimekaa, hazitembei. Nani angesimama kutazama? Nilitaka watu waone zinakimbia."

"Na jana? Ulipofungua saa, ukatafuta kwenye kichupa, ukamlaumu Mbulgaria. Ulikuwa unajua?"

"Nilihofia. Kuhofia si kujua."

"Siku mbili, Salat! Siku mbili umeniacha nabeba maneno kati yako na baba yangu, na wewe unatafuta pale unapojua hakuna kitu!"

Alikuwa hajawahi kumpigia kelele. Kuku walitawanyika. Halafu ghafla akataka kulia, kwa sababu alikumbuka siku wanawake walipojaa mlangoni kutazama sekunde zikikimbia, na yeye akipita na birika, kidevu juu. Mbuzi walikuwa wake na sifa alizila pia. Kama angeulizwa siku ile achague, jiwe lisiloonekana au moto unaotembea, angechagua nini? Hakutaka kujijibu.

"Nenda kamwambie mwenyewe," akasema. "Mimi sibebi tena."

Salat aliingia chumbani kwa mzee. Hinda alibaki nje ya pazia, amekaza mtandio kwa meno. Alimsikia mumewe akisema yote, hata la jiwe, hata la kule kumcheka mbele ya watu. Mficha maradhi kilio humfichua, na cha Salat kilimfichua, kwani sauti ilimkatika mara mbili. Alipomaliza, kifua cha mzee kilikoroma.

"Hinda," mzee aliita hatimaye. "Mwambie mumeo nimesikia."

Basi. Hinda hakujua kama ule ulikuwa mlango umefunguliwa au umefungwa kwa komeo.

*

Idi ilipita. Mzee Nuh aliswali ameketi. Kesho yake, siku ya pili, aliamka kula daku kabla mtu hajamwamsha, vijiko vitatu vya uji, akanuia. Hinda alimsihi kwa machozi. Alimwita Maalim Shuaib, na Maalim akamweleza mzee kwamba mgonjwa ana ruhusa, anaweza kulisha maskini badala yake, na kwamba hata mwenye afya ana miezi kumi na moja ya kulipa.

"Una hakika ya miezi kumi na moja, Maalim?" aliuliza mzee. "Nipe mmoja."

Maalim alivaa viatu vyake akaondoka.

Siku ile Salat naye alifunga, bila kuulizwa na bila kumwambia mtu. Saa yake ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye gazeti la Kibulgaria. Alishinda kwenye kizingiti cha mzee, anatengeneza redio isiyo na mwenyewe, na kila mzee alipokohoa bisibisi ilisimama. Adhuhuri midomo ya mzee ilikuwa myeupe. Alasiri alikuwa haongei. Hinda aliingia mara kadhaa na kikombe cha maji amekificha chini ya mtandio, akatoka nacho. Alijua kwamba akimnywesha kwa nguvu atamwokoa, na kwamba baba yake hatamsamehe, na akimwacha... Hakujua lililo sawa, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Jioni mvua haikunyesha. Mbingu ilikuwa safi, ya kwanza tangu mwezi wa Ramadhani uandame, na Hinda alisema alhamdulillahi kwa sauti.

"Nataka kuliona," alisema mzee.

Hinda aliangaza nani wa kumsaidia kumwinua. Salat alikuwa amekwisha kuingia. Alichuchumaa, akamgeuzia mzee mgongo, naye mzee, baada ya kuutazama ule mgongo kwa muda, akauegemea. Akambeba hadi nje ya ua, upande wa magharibi, akamkalisha kwenye mkeka juu ya ardhi yenye unyevu na kuketi kando yake. Watu waliokuwa wanapita kwenda msikitini wakapunguza mwendo. Afar Daqiqo amembeba mkwewe, hilo si la kupitwa.

Jua lilishuka. Lilifika migungani, likawa nusu, likawa ukucha, likaondoka. Adhana ikapanda msikitini. Hinda alipiga magoti na tende kwenye kisahani.

"Bismillahi, Aabo."

Mzee aliichukua tende. Hakuila. Aliishika tu.

"Dakika nne," alisema.

"Aabo, limezama! Umeliona mwenyewe. Maalim ameadhini."

"Hiyo ni ya leo. Nadaiwa zile." Aligeuza kichwa, na kwa mara ya kwanza kwa siku kumi na tatu akamtazama Salat usoni. "Wewe. Hesabu."

Salat alinyoosha mkono kuichukua ile saa ya kutia ufunguo. Mzee akaifunika kwa kiganja.

"Hii imechoka," alisema. "Ulisema mwenyewe. Hesabu kwa mdomo."

Salat aliuweka mkono gotini. Kisha akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu taratibu kwa sauti, kama mtoto anayesomeshwa, na watu wakasimama barabarani. Mtoto mmoja alianza kucheka akazabwa kofi na mama yake. Maalim Shuaib alitoka barazani akaja hadi kwenye ua.

"Nuh, kuchelewesha futari si sunna."

"Nenda ukaswalishe, Maalim. Mimi na mkwe wangu tuna hesabu."

Hinda alilisikia neno hilo, mkwe wangu. Alimtazama baba yake aone kama amekusudia, lakini uso wa mzee ulikuwa umeelekea kule jua lilikozamia, haumwambii mtu kitu. Je, alikuwa anamsamehe mume wake au anamwadhibu mbele ya mji? Labda hata mzee mwenyewe alikuwa hajui. Themanini na saba. Themanini na nane. Sauti ya Salat ilikuwa imekauka kwa kiu, na kisahani cha tende kilikuwa kati ya magoti yake.

Alipofika mia na sabini na kitu, hesabu yake ilikimbia. Pengine ni kiu, pengine ni macho ya watu. Zilimtoka tatu kwa pumzi moja.

"Rudi," alisema mzee.

"Adeer?"

"Umekimbia. Rudi mia na sabini."

Akarudi mia na sabini. Giza lilikuwa linaingia. Nyuma ya maduka jenereta lilinguruma, kwa sauti yake ya zamani, nzito, na balbu za mtaa ziliwaka za manjano moja baada ya nyingine. Hinda aligundua kwamba na yeye midomo yake inacheza, anahesabu.

"Mia mbili thelathini na tisa," alisema Salat. "Mia mbili arobaini."

Mzee Nuh aliipasua tende vipande viwili, akatoa kokwa. Kipande kimoja alikitia mwenyewe mdomoni mwa Salat, mbele ya wote. Kisha, mkono wake uko begani mwa Salat, akamgeukia binti yake.

"Hii ndiyo saa, Hinda," alisema. "Hii haikimbii."

Ndipo akala, na Hinda akamshikia kikombe.